Iafoni za kuzima kelele kwa safari ya Rongai: nilivyokosea mara ya kwanza, nilivyopata mara ya pili

Kila siku ya kazi nakaa kwenye matatu jumla ya saa tatu, kwenda na kurudi, kati ya Rongai na mjini Nairobi. Anayeijua Barabara ya Magadi asubuhi hatashangaa. Anayezijua matatu za Rongai anajua pia kwamba besi ya muziki hukupanda mgongoni kabla haijafika masikioni. Kwa muda mrefu nilishindana na kelele hiyo kwa kuongeza sauti ya simu. Mwaka jana masikio yakaanza kuvuma usiku, kama friji iliyo chumba cha pili. Nikaogopa kwa kweli. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asipitishe desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na mimi nilikuwa naiweka simu juu kabisa kila asubuhi. Nikaamua kutafuta iafoni zisizo na waya zinazozima kelele, zisizozidi shilingi 7,000.

Za kwanza nilizinunua Luthuli Avenue kwa shilingi 2,200. Nilipouliza kama zinazima kelele, muuzaji alinigeuzia sanduku: "Soma hapa, kakangu. ENC." Nikalipa kwa M-Pesa, nikaondoka na furaha yangu. Ndani ya gari nikabonyeza, nikabonyeza tena, mngurumo wa injini ukabaki palepale. Iliniuma, maana pesa hizo nilikuwa nimezidunduliza.

Baadaye ndipo nilipoelewa, na hili ningependa kila mnunuzi alijue kabla ya kutoa pesa. ENC humfaa yule unayempigia simu: huchuja kelele za upande wako ili akusikie vizuri. Masikio yako wewe hayapati kitu. Unachotafuta kinaitwa ANC. Hapo maikrofoni ndogo hunasa mngurumo wa nje, kisha iafoni hutoa wimbi la sauti lililo kinyume chake, na mawimbi hayo mawili hupunguzana nguvu. Herufi moja tu, lakini ndiyo iliyonila shilingi 2,200.

Mara ya pili sikukubali kununua bila kujaribu. Nilikuwa nimeshasoma kuhusu Soundcore Life P3, zilizotoka mwaka 2021, na kwa kuwa si mpya tena bei yake ilikuwa imeteremka hadi mfukoni mwangu. Mama mwenye duka akaifuta mipira ya silikoni kwa spiriti, akaniambia, "Niachie kitambulisho, usimame hapo mlangoni nikuone." Nikasimama. Basi lilikuwa limeegesha kando ya barabara, injini inanguruma. Nikawasha ANC, ikapungua kidogo tu. Nikakaribia kukata tamaa. Mama akaniuliza, "Umebadilisha mipira?" Kumbe sikio langu la kulia linataka mpira mkubwa na la kushoto wa wastani. Nilipoibadilisha, mngurumo ulididimia kana kwamba dereva amezima gari. Ikiwa hewa inapita pembeni ya sikio, ANC ya bei yoyote ile haitakusaidia.

Nimezitumia miezi saba sasa. Mngurumo wa injini na wa magurudumu unapungua sana. Honi, mluzi wa makanga na kiganja chake kikipiga bodi bado navisikia, kwa sababu teknolojia hii hufanya kazi vizuri zaidi kwa sauti nzito zisizobadilika. Besi ya matatu nayo hupita kwenye kiti na mifupa, hiyo haizuiliki. Lakini simu yangu sasa iko nusu ya sauti, na ule mvumo wa masikio usiku umepungua. Kwangu hilo limetosha kuilipa bei yote.

Chaji ni saa 6 ANC ikiwa imewashwa, saa 7 ikiwa imezimwa, na kikasha chake hufikisha saa 30 au 35. Nachaji kikasha Jumapili jioni. Zina IPX5, yaani kiwango cha kuhimili maji, kwa hiyo mvua ya Aprili sikuihofia.

Jioni nacheza gemu kidogo, hasa za kufyatuliana risasi, ambapo nyayo za adui ndizo uhai wako. Sauti ya Bluetooth huchelewa kiasili. Bila hali ya gemu (game mode), inayopunguza ucheleweshaji huo, naona moto wa bunduki kwanza ndipo mlio uje. Nikiiwasha kwenye programu yao, pengo linabaki dogo kiasi kwamba silioni kwenye mechi za kawaida. Anayecheza mashindano ya pesa atumie waya.

Jambo moja la usalama. Nikikaribia stejini natoa sikio la kushoto na kuirudisha simu mfuko wa ndani. Kwenye foleni, ukikaa dirishani huku husikii hata hatua za mtu aliye nje, simu inaenda.

Na kama una shilingi 2,000 tu kwa sasa, usinunue kitu kilichoandikwa ENC ukidhani ni ANC. Chukua iafoni za waya zenye mipira ya silikoni ya saizi tatu, uijaribu yote mpaka sauti ya barabara izibike. Mipira ikikaa sawasawa inazuia kelele nyingi kuliko zile zangu za kwanza, gemu haitachelewa, na hutakuwa na cha kuchaji.