Wali wa nazi kwa kizibo: banda la mama mmoja karibu na Mnazi Mmoja

Watu wanauliza sana ukiwa na mgonjwa hospitali ya Mnazi Mmoja hapa Unguja unakula wapi, hasa wanaotoka Pemba au mashamba huko ambao wanashuka bandarini na kikapu na mgonjwa na hawana ndugu mjini, basi jibu langu hili hapa. Kuna banda la mama mmoja, kutoka geti la hospitali ni mwendo mfupi tu kwa miguu, halina bango. Jina lake silitaji kwa sababu kaniomba mwenyewe nisimtaje, kasema andika chakula usiandike mimi. Nimemwambia mama chakula chako na wewe havitenganiki ila jina nitaliacha.

Tuanze na chakula mana hii ni hoteli na mtu anataka kujua atakula nini. Wali wa nazi kila siku, na nazi anakuna asubuhi pale pale kwenye mbuzi, hakuna tui la paketi. Maharage yake pia anayaunga kwa nazi, mazito, yanashika wali. Mchicha upo siku nyingi. Samaki inategemea marikiti wameamkaje, mara nyingi kibua wa kukaanga na pilipili ya embe, siku nyengine changu wa mchuzi, na akipata pweza ujue saa saba hakuna tena. Asubuhi uji wa mchele wenye pilipili manga na chapati, ule uji mtu aliyekesha wodini ukimpa kikombe kimoja tu unaona macho yanafunguka. Wali maharage nimelipa 2,500, wali samaki 4,000, kwa mjini hapa hiyo bei ni nzuri sana.

Sasa utaratibu wa pale ndo jambo lenyewe lililonifanya niandike. Hukai ukaagiza. Unakwenda kwanza dirishani nyuma ya banda, mama yupo peke yake, unasema unataka nini unalipa, anakupa kizibo cha soda. Chekundu samaki, cha kijani maharage. Unarudi mbele unampa kizibo yule msichana anayepakua, anakupakulia. Mara ya kwanza niliona usumbufu, kwanini nisilipe hapa hapa mbele nikala nikaondoka, mpaka siku moja nilikuwa nimesimama dirishani nyuma ya mzee mmoja amevaa kofia na kanzu iliyochoka, nikamsikia anamwambia mama kwa sauti ya chini kabisa kwamba nauli imekula pesa yote na mkewe kalazwa. Mama hakusema pole ndefu, hakuuliza wodi gani, wala kweli au uongo. Alimwuliza tu, "Baba utakula samaki au maharage?" Akampa kizibo chekundu. Kizibo kile kile ninachopewa mie niliyelipa.

Yani pale mbele hakuna anayejua. Yule msichana anayepakua hajui nani kalipa nani hajalipa, kwa hiyo hawezi hata akitaka kumpa mtu kipande cha mkia na mwengine kipande cha kati. Mzee alikaa benchi moja na kijana wa ofisini mwenye tai, sahani sawa, akala, halafu nikamsikia anaita kwa sauti kabisa, "Mwanangu niongeze mchuzi." Nilifurahi mpaka nikashindwa kumeza. Mtu aliyepewa cha bure mbele za watu haombi kuongezewa, anakula kwa kuinama anaondoka haraka. Huyu kaomba mchuzi kama mteja mana pale yeye ni mteja.

Mie nimekulia kanisani, nimesikia mahubiri ya Msamaria Mwema tangu skuli ya Jumapili, na kila mhubiri anamsifu Msamaria, na ni haki yake. Lakini someni Luka 10 vizuri muone yule mwenye nyumba ya wageni. Msamaria kamfunga jeraha mtu yule aliyepigwa na wanyang'anyi njiani, kampandisha kwenye mnyama wake, kalala nae usiku mmoja, siku ya pili katoa dinari mbili akasema "Mtunze huyu" akaenda zake na safari yake. Dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku, ipo hapo hapo kwenye Injili kwenye habari ya wale wafanyakazi wa shamba la mizabibu. Kwa hiyo ameacha ujira wa siku mbili na ahadi. Nani kambadilisha vitambaa siku ya tatu? Nani kampikia? Ni mwenye hoteli, ambaye ana wateja wengine na ana hesabu zake, na hakuna jumapili hata moja niliyosikia amehubiriwa. Huyu mama wetu ndo huyo. Huruma yake haimjii kwa kushtukia njiani, inaamka nae saa kumi usiku na kukuna nazi, na lazima iendane na bei ya mchele.

Nilimuuliza anawezaje maana biashara ni biashara. Kaniambia wapo wanaolipa zaidi dirishani bila kusema kitu, mtu anakula maharage anaacha 10,000 anaondoka, na hiyo inaingia kwenye kopo lake. Siku kopo likiwa tupu anapunguza faida yake. Nikamuuliza wakikudanganya je, mana wapo watu wana pesa na watasema hawana. Akasema wapo, anawajua wengine kwa sura, na kumnyima mwenye njaa kwa kumuogopa muongo yeye haliwezi hilo. Akaniambia na hili sitalisahau, yeye anasali Mkunazini, kanisa kuu la Anglikana, na pale kanisa lilipojengwa ilikuwa soko la watumwa mpaka 1873, madhabahu ipo pale pale inaposemwa palikuwa na mti wa kuwachapia watu, sasa "sisi tunaopiga magoti pale hatuna ruhusa ya kumpima binadamu kwa pesa." Bibi zake walikuwa watu wa Mbweni, kule misheni ilikowapa makazi watumwa waliokombolewa kwenye majahazi miaka ya 1870. Na lile jengo la Mtakatifu Monika pembeni ya kanisa, ambalo wageni wanateremka chini kuangalia vile vyumba vinavyosemwa ni vya watumwa, zamani lilikuwa hospitali ya misheni. Kwa hiyo kuhudumia wagonjwa na waliochoka ni kazi ya siku nyingi mtaa ule, yeye kaikuta.

Na jengine ninalompendea, hahubiri. Wengi wa wanaokula pale ni Waislamu, hiyo ni Unguja yetu, na yule msichana anayepakua ni mtoto wa Wete, Pemba, na hijabu yake. Humo ndani dirishani pana msalaba mdogo wa mbao basi. Hakuna mtu anapewa sahani na kikaratasi cha maneno ya dini. Nasema hivi kwa sababu nimewahi kuona wakristo wenzangu wanagawa chakula lakini kwanza upige picha umeshika mfuko, halafu usikilize nusu saa, na wenye njaa wamekaa juani, na inaniuma. Yakobo kwenye Biblia kaandika wazi kabisa, ndugu amepungukiwa na riziki na wewe unamwambia nenda kwa amani ukashibe na humpi kitu, yafaa nini? Hakuandika mpigeni picha.

Ramadhani mchana anafunga kama mabanda yote, ila jioni moto unawaka. Mwaka 2025 Ramadhani na Kwaresima zilianza wiki moja, mwanzoni mwa Machi, yeye mwenyewe yupo kwenye mfungo wake na anapika futari ya watu. Muhogo wa nazi, ndizi mbichi, maharage, uji, na tende anazitia kwenye vifuko vidogo, na kabla ya adhana ya magharibi ndoo za futari zinakuwa zishafika nje ya hospitali kwa wanaouguza. Daku pia anatoa kwa anayeomba, wali wa kufungiwa.

Sasa mapungufu mana yapo. Mabenchi ni machache sana, saa saba utakula umesimama. Turubai la upande wa barabara limechanika, jua linaingia moja kwa moja. Chai ina sukari nyingi mno, mwenye kisukari aseme mapema dirishani. Foleni ya dirisha inakwenda pole pole, hasa siku za kliniki, kwa sababu mama anamsikiliza kila mtu, na ukiwa na haraka utakereka. Mimi naona aachwe hivyo hivyo, akiweka mtu mwengine dirishani siri za watu zitatoka. Lakini wa kumsaidia kuosha vyombo anahitaji.

Wanafungua alfajiri mpaka kama saa tisa, samaki wahi kabla ya saa sita na nusu. Jumapili hakuna kitu mpaka watoke kanisani, na baada ya hapo ni wali maharage tu.

Ukitaka kuchangia usimpe pesa mkononi mbele za watu wala usije na kamera, utamkuta mkali sijapata kuona. Pita dirishani useme "ongeza vizibo" uache ulichonacho, ataelewa. Au mpelekee mkaa. Mchele anasema anapata pata, lakini gunia la mkaa sasa hivi limepanda na ndo linalomsumbua kuliko vyote.