Kompyuta ya gemu ya daraja la juu: anza na umeme, kadi ifuate

Ukiwa Dar au Mombasa na umejinyima mpaka ukapata pesa ya kuunda kompyuta ya gemu ya nguvu, kipuri cha kwanza kuchagua ni pawa saplai, yaani kifaa kinachogawa umeme ndani ya kompyuta. Najua wengi huanza na kadi ya grafiki, nami nilianza hivyo hivyo. Usiku mmoja umeme ukakatika, ukarudi kwa kishindo, na pawa saplai ya bei chee niliyosifiwa dukani ikafa, ikaondoka na madabodi, ubao mkuu unaounganisha vipuri vyote. Tangu siku hiyo, nikimpangia mtu vipuri, naanzia kwenye soketi ya ukutani ndipo niingie ndani ya kasha.

Tafuta ya wati 850, yenye alama ya Gold ya kutopoteza umeme na kiwango kipya cha ATX 3.1. Corsair RM850x ni chaguo langu la kwanza, Seasonic Focus GX la pili. Zinatosha kwa kadi zote nitakazotaja isipokuwa moja. Kisha weka UPS, ile betri inayoshika umeme ukikatika, inayotoa wimbi safi la sine (umeme laini kama wa ukutani), kwa sababu zile za bei nafuu zenye wimbi la ngazi zinaweza kuizima kompyuta pale pale inapohamia kwenye betri. Kwa mzigo huu usichukue ndogo ya kuwashia modemu; isome uwezo wake kwa wati, maana VA, ile namba kubwa inayoandikwa kwenye boksi, pekee inadanganya macho.

Sasa kadi ya grafiki, kwa mpangilio wangu.

Ya kwanza ni RTX 5070 Ti ya Nvidia. Ina memori ya GB 16, inakula wati 300, na ilitoka mwaka 2025 kwa bei elekezi ya dola 749 huko Marekani. Kwenye skrini ya 1440p inabeba kila kitu, na ile kali zaidi ya 4K inaimudu ukiwasha DLSS, mbinu ya Nvidia ya kuchora picha ndogo kisha kuikuza. Ya pili ni RX 9070 XT ya AMD: GB 16, wati 304, dola 599. Katika gemu za kawaida inakaribiana sana na ile ya kwanza. Inaachwa pale gemu inapotumia kwa wingi miale ya mwanga (ray tracing), yaani mwanga na vivuli vinavyokokotolewa kama vya kweli. Ukikuta tofauti ya bei ni kubwa, ichukue hii na uwe na amani.

RTX 5080 naiweka ya tatu. Bei yake elekezi, dola 999, imezidi ya 5070 Ti kwa theluthi nzima, lakini memori ni ile ile GB 16 na mwendo hauongezeki kwa kiasi hicho.

Ya mwisho ni RTX 5090, na hapa marafiki zangu hubishana nami. Hakuna kadi ya gemu yenye kasi kuizidi, ina GB 32. Ila inaweza kuvuta wati 575, hivyo inadai pawa saplai ya wati 1000 au zaidi. Ukicheza kwa muda wa saa nne ikiwa imekazwa, kadi peke yake imemaliza uniti 2.3 za umeme, na zote zimegeuka joto ndani ya chumba ambacho Januari tayari kina nyuzi 32. Itabidi kiyoyozi nacho kiwake. Bei yake elekezi ni dola 1,999, na hapo hujaongeza usafiri, VAT ya asilimia 18 Tanzania au 16 Kenya, na faida ya muuzaji. Kwa pesa hiyo ningenunua 5070 Ti na skrini ya OLED ya 1440p, na tofauti ungeiona kwa macho kila siku.

Prosesa haina mjadala: Ryzen 7 9800X3D. Viini 8 tu, lakini kashe yake ya MB 96, memori ya haraka iliyo ndani ya prosesa, ndiyo gemu zinayoitaka. Ikikosekana, 7800X3D inakaa kwenye soketi ile ile ya prosesa, AM5. Core Ultra 9 285K ya Intel ni nzuri kwa mhariri wa video. Kwenye gemu iko nyuma.

Madabodi ya B850 inatosha. Memori ya kompyuta (RAM) iwe DDR5-6000, vijiti viwili vya GB 16. Vijiti vinne kwenye AM5 hupunguza mwendo. Tangu mwishoni mwa 2025 bei za memori zimepanda vibaya, kwa hiyo ukikuta ya bei nzuri usisubiri. Kwa kuhifadhi gemu, SSD ya NVMe ya TB 2 ya PCIe 4.0, yatosha.

Kupooza, mimi nachagua hewa kuliko maji. Kipoozaji cha Thermalright Peerless Assassin 120 SE kinaimudu 9800X3D, na feni ikifa unapata nyingine mjini siku hiyo hiyo; pampu ya maji ikifa, unasubiri mzigo. Kasha liwe na wavu mbele na vichujio vya vumbi unavyoweza kuvitoa na kuviosha.

Kabla ya kulipa, hakikisha namba iliyo kwenye boksi la kadi inalingana na iliyo kwenye kadi yenyewe, na uliza garanti inadaiwa hapa au Dubai. Ukifika nyumbani, sukuma kichwa cha waya wa kadi mpaka mwisho, kisibaki pengo hata la ukucha. Mwaka 2022 vichwa vya waya vya baadhi ya RTX 4090 viliyeyuka, na kutokazwa vizuri kulikuwa miongoni mwa sababu.