Misimu mitano na All-Crop 60: nyota nne, ya tano imeliwa na turubai

Mimi ni mtoto wa Uasin Gishu, na kwetu kombaini, mashine inayovuna na kupura kwa pamoja, ni dude la kukodi. Unapanga foleni, unaiombea mvua ikawie, na dereva anaheshimiwa kuliko chifu. Ndiyo maana nilipoiona kombaini ya All-Crop 60 mnadani hapa Iowa, Marekani, imezama kwenye magugu, rangi ya chungwa imebaki pembeni tu, nilicheka. Kisu cha futi tano! Hata kitanda changu kinaizidi urefu. Nikaondoka nayo kwa dola 350, na baadaye mzee jirani akaniuzia trekta ya Allis-Chalmers WC ya kuivuta.

Kampuni ya Allis-Chalmers ilianza kuziuza kombaini hizi katikati ya miaka ya 1930, zikitoka kiwanda cha La Porte, Indiana. Wakati huo kombaini ilikuwa mali ya wenye mashamba makubwa. Mkulima wa kawaida alikata ngano, akafunga miganda, kisha akangoja zamu yake ya mashine ya kupura iliyozunguka kwa majirani. Hii ikaja ikivutwa na trekta ndogo, inazungushwa na PTO, yaani shafti inayotoa nguvu ya injini ya trekta na kuipeleka kwenye mashine inayovutwa, na mwenye shamba akavuna siku anayotaka yeye.

Uhondo wenyewe uko kwenye ngoma ya kupuria. Kombaini kubwa hukusanya mabua ya upana wote wa kisu na kuyabana yapite mahali pembamba. Hapa ngoma ni pana kama kisu, kwa hiyo mabua huingia yametandazika kama mkeka. Halafu vyuma vyake vya kupuria vimevikwa mpira, nafaka inasuguliwa badala ya kupondwa. Kampuni ilijigamba kwamba inavuna mazao zaidi ya 100. Sikusadiki hadi nilipopanda mistari michache ya maharagwe mekundu na kupunguza kasi ya ngoma. Nikachota kiganja tangini: mazima, yanang'aa, mawili tu yamepasuka. Wiki hiyo tulikula githeri mpaka watoto wakalalamika.

Sasa matatizo. WC ni trekta ya enzi ambayo PTO ilitegemea klachi. Ukikanyaga klachi usimame, kombaini nayo inasimama, tumbo limejaa. Ukiiwasha tena inagoma. Unashuka, unafungua, unachomoa mabua kwa mkono huku mashuke yakikuingia mikononi kama sindano. Siku hizi nikiona ngano nzito mbele nakanyaga, natoa gia, naachia upesi kabla ngoma haijapoa. Mguu umeshazoea, ila bado nanaswa mara mbili tatu kila msimu. Tena kisu kimekaa upande wa kulia wa trekta, kwa hiyo raundi ya kwanza lazima uikanyage ngano yako mwenyewe. Inauma.

Na turubai. Ndilo linalopandisha mabua kutoka kwenye kisu hadi kwenye ngoma, kitambaa kizito chenye fito za mbao. Jioni unatakiwa ulilegeze na ulifunike. Msimu wa pili nililisahau nje, umande ukalivuta likakaza, asubuhi nikawasha bila kuangalia, fito tatu zikakatika. Kosa langu, lakini ni mashine inayokudai uwe na kumbukumbu nzuri.

Fundi mmoja alinishauri nitoe turubai nifunge mkanda wa mpira, na kombaini niipe injini yake yenyewe niachane na habari za klachi. Ingefanya kazi vizuri zaidi, sikatai. Nilikataa kwa sababu vijana wanaokuja kuiangalia huielewa shida ya klachi wakiniona nimeinama nachomoa mabua. Nikiwaonyesha trekta ya WD ya 1948, ambayo ina klachi ya pili ya mkono ili PTO iendelee kuzunguka trekta ikisimama, hakuna anayeuliza ilitengenezwa ya nini.

Ukitafuta ya kwako, usihangaike na rangi. Angalia kama mpira wa ngoma haujakauka na kupasuka, zungusha puli kwa mkono usikilize beringi, na uliza turubai lilihifadhiwa wapi, maana panya hulipenda. Langu huwa ghalani kiangazi tu. Kuanzia Oktoba linalala limekunjwa chini ya kitanda chetu, na mama watoto ameshaacha kuuliza litatoka lini.