VirtualBox: mipangilio ya kuifikiria mapema, na ile ya kuacha ilivyo

Natumia VirtualBox, programu ya kuendesha kompyuta nyingine ya kubuni (mashine pepe) ndani ya kompyuta yako, karibu kila siku: kujaribu matoleo mapya ya Linux, kuendesha Windows kwa ajili ya programu moja mbili zisizokubali kwingine, na kuchezea seva ambazo singethubutu kuzivuruga kwenye kompyuta halisi. Programu yenyewe ina umri wake. Ilitolewa mwaka 2007 na Innotek, kampuni ya Ujerumani, mwaka uliofuata ikachukuliwa na Sun Microsystems, na Oracle ilipoinunua Sun mwaka 2010 ikahamia huko. Ni ya bure na ni programu huria.

Ukibofya kitufe cha kuunda mashine mpya, maswali yanaanza, na wengi hukwama hapo kwa kudhani kila jibu ni la kudumu. Sivyo. RAM, prosesa, sauti, kumbukumbu ya video na mtandao utavibadilisha wakati wowote mashine ikiwa imezimwa, wala hakiharibiki kitu. Kwangu mimi pa kutulia na kufikiri ni kwenye EFI (au UEFI, njia mpya ya kuwasha kompyuta iliyochukua nafasi ya BIOS ya zamani) na diski. Mengine, bofya uendelee.

Kisanduku cha EFI ni kidogo, kimekaa chini ya vitelezi vya RAM na prosesa, na jicho hukipita kwa urahisi. Mfumo ukishasakinishwa bila EFI, ukija kukitia tiki baadaye mashine haiwaki: diski ilishapangwa kwa mtindo wa BIOS, na EFI haioni pa kuanzia. Windows 11 haina mjadala hapa. Inadai UEFI yenye Secure Boot (ukaguzi wa usalama wakati wa kuwaka), TPM 2.0 (chipu ya kutunza funguo za siri), prosesa yenye viini (core) 2, RAM ya GB 4 na diski ya GB 64. Tangu toleo la 7.0 la mwaka 2022, VirtualBox ina TPM pepe na Secure Boot, na ukichagua Windows 11 kwenye orodha ya mifumo, vyote vinawashwa vyenyewe. Kwa hiyo lile swali la aina ya mfumo, linaloonekana la kujaza fomu tu, ndilo linaloamua mengi ya chini yake. Lijibu kwa ukweli.

Na kama kwenye orodha hiyo unaona mifumo ya biti 32 peke yake, tatizo haliko kwenye VirtualBox. Ingia kwenye mipangilio ya BIOS ya kompyuta uwashe kipengele cha prosesa cha kuendesha mashine pepe: VT-x kama prosesa ni ya Intel, au AMD-V kama ni ya AMD. Kompyuta nyingi hutoka kiwandani zikiwa zimezimwa kipengele hicho.

Kwenye diski, chaguo la kawaida ni faili ya VDI, faili moja inayobeba diski yote ya mashine pepe, inayokua kadiri unavyoandika data. Ukiipa ukubwa wa GB 60, haichukui GB 60 siku ya kwanza. Inachukua kilichomo tu. Ndiyo maana siwi bahili kwenye tarakimu hii. Ubuntu ya mezani wanashauri GB 25, mimi naweka 50 au 60 bila wasiwasi, kwa sababu kuongeza baadaye kunawezekana lakini ni kazi mara mbili: unaikuza diski kwa nje, halafu unaingia ndani ya mfumo mgeni (ule ulio ndani ya mashine pepe) kuikuza sehemu yenyewe. Kupunguza ukubwa uliokwisha kuupanga, hakuna.

Ila ujue tabia moja ya faili hiyo: hukua, haisinyai. Ukipakua GB 20 ndani ya mashine kisha ukazifuta, faili kwenye kompyuta mwenyeji (ile yako halisi) inabaki nene vilevile. Kuipunguza, kwanza unajaza sifuri kwenye nafasi tupu ndani ya mfumo mgeni, unazima mashine, kisha unatoa amri hii kwa nje:

VBoxManage modifymedium disk jina.vdi --compact

Inachukua muda, lakini ukimaliza unaona nafasi imerudi. Kile kisanduku cha kutenga ukubwa wote tangu mwanzo sikitii tiki. Faida yake ya kasi siioni kwenye kazi zangu, na diski yangu si ya kuchezea.

Vitelezi vya RAM na prosesa vina mstari wa rangi, na rangi hizo si mapambo. RAM unayoipa mashine pepe inaondoka kwa mwenyeji mashine inapokuwa imewaka. Kwenye kompyuta ya GB 8, ukitoa GB 6 utaona mwenyeji ndiye anayeanza kukwama, na akikwama yeye na mgeni hana raha. Nusu ndiyo mwisho wangu. Kwa prosesa, hesabu viini halisi, usihesabu nyuzi (threads, mgawanyo wa kazi ndani ya kiini kimoja). Prosesa yenye viini 4 na nyuzi 8 isikutie tamaa ya kutoa 8. Mwongozo wa VirtualBox wenyewe unashauri usivuke idadi ya viini halisi.

Mtandao ndio unaozaa maswali mengi kuliko yote. Chaguo la kuanzia ni NAT, ambapo mashine pepe inatoka mtandaoni kwa kupitia kompyuta mwenyeji, na kwa anayetaka intaneti tu ndani ya mashine, limetosha. Mgeni anapewa anwani 10.0.2.15 na lango lake ni 10.0.2.2. Washa mashine ya pili yenye NAT, nayo inapata 10.0.2.15 hiyohiyo! Si hitilafu: kila mashine ina NAT yake peke yake, imefungiwa humo, na ndiyo maana hazionani. Ukitaka zionane na intaneti ibaki, tengeneza mtandao wa NAT wa pamoja kisha uziunganishe zote humo. Njia ya daraja (Bridged) inaipa mashine anwani kutoka kwenye ruta yako kama kifaa kingine chochote cha nyumbani, nayo ni nzuri kwa seva, ila inatulia zaidi kwa kebo kuliko kwa Wi-Fi, kwani baadhi ya kadi za Wi-Fi haziikubali vizuri.

Mimi mara nyingi nabaki na NAT, naongeza sheria moja ya kupitisha poti (mlango wa mtandao wenye nambari): 2222 ya mwenyeji iende 22 ya mgeni, ambayo ni ya SSH, njia ya kuingia kwenye mashine kwa amri. Kisha kwenye terminali naandika ssh -p 2222 na jina la mtumiaji kwenye 127.0.0.1 (yaani kompyuta yangu yenyewe), nipo ndani. Na ukinakili mashine iliyokwisha kuundwa, chagua itengenezewe anwani mpya za MAC (nambari za utambulisho wa kadi ya mtandao), la sivyo mashine mbili zitagombania utambulisho mmoja kwenye mtandao uleule.

Toleo la 7 pia linaweza kukusakinishia mfumo lenyewe ukiwa umekaa pembeni. Usipobadilisha chochote, jina la mtumiaji litakuwa vboxuser na nywila changeme (yaani “nibadilishe”), na hiyo nywila fanya kama inavyokuambia. Mimi naruka hatua hiyo, maana napenda kuchagua mwenyewe lugha, kibodi na jinsi diski itakavyogawanywa.

Mfumo ukishawaka, sakinisha Guest Additions, kifurushi cha VirtualBox kinachowekwa ndani ya mfumo mgeni, kabla ya kulalamika kwamba skrini ni ndogo. Hapo ndipo dirisha linapotanuka, folda za pamoja zinapofanya kazi, na kunakili maandishi kutoka upande mmoja kwenda mwingine kunapowezekana (hilo la kunakili liwashe kwenye mipangilio, limezimwa tangu mwanzo). Kidhibiti cha picha kiache ulivyokikuta: VMSVGA kwa Linux, VBoxSVGA kwa Windows. Michezo mizito ya 3D itafute kwingine.

Anayetumia Windows kama mwenyeji aangalie pembe ya chini ya dirisha la mashine. Akiona kobe wa kijani, Hyper-V, mfumo wa Windows wenyewe wa mashine pepe, imeshika prosesa na VirtualBox inapita kwa mgongo wake, na kasi inashuka.

Kuhusu Extension Pack, kifurushi cha nyongeza cha VirtualBox, wengi wanaipakua kwa mazoea. Zamani ilihitajika kwa USB 2 na 3, lakini tangu 7.0 hizo zimo kwenye programu ya msingi. Leseni yake ni tofauti, inaruhusu matumizi binafsi na ya kielimu bure. Kwa kazi za ofisi, isome kabla hujaisakinisha.