Uzoefu wangu na huduma ya ukaguzi wa nyufa kwenye boti ya faiba

Ukaguzi nilioulipia ulihusu boti ya faiba iliyotumika kwa miaka mingi, yenye nyufa nyembamba omoni, yaani sehemu ya mbele, na nyingine ubavuni, karibu na kiambaza cha ndani, yaani ukuta unaogawa boti. Nilitaka kujua jambo moja tu: je, nyufa hizo zimeishia kwenye jelikoti, yaani lile tabaka la nje linalong'aa ambalo kwa kawaida halifiki milimita moja, au zimepenya hadi kwenye nyuzi za kioo zinazobeba nguvu ya chombo? Swali hilo mkaguzi alilijibu vizuri, ingawa ripoti yake ina kasoro.

Alianzia ndani, jambo ambalo sikulitarajia. Aliinua mbao za sakafu, akamulika kwa tochi upande wa pili wa kila ufa akitafuta weupe, kwa sababu faiba iliyogongwa au kupindwa kupita kiasi huweza kugeuka nyeupe hata pale ambapo kwa nje huonekana mchirizi mdogo tu. Kisha akatoka nje, akapaka wino mwekundu, akaufuta kwa kitambaa, na mistari ambayo macho yalikuwa yameiruka ikajitokeza. Nyufa za omoni zilitawanyika kutoka sehemu moja, dalili ya kugongwa. Za ubavuni zilikwenda sambamba na kiambaza, dalili kwamba ganda la boti linapinda kila linapopigwa na mawimbi na kuelemewa pale linapokutana na sehemu isiyopinda.

Alifuatisha kwa kugonga kote kwa nyundo ndogo ya plastiki. Palipo pazima hutoa mlio mkali, na palipoachana matabaka mlio hufifia. Aliniachia nigonge mwenyewe, na tofauti inasikika hata kwa asiye fundi, ila mtu asisahau kwamba mlio hubadilika pia penye taruma (mbavu za boti) au tangi nyuma yake, bila ubovu wowote.

Kilichonifanya nisijutie fedha zangu ni kwamba hakuishia kutazama na kugonga. Aliomba ruhusa, akachagua ufa mmoja wa kila kundi na kuuchonga taratibu kwa umbo la V ili aone unakoishia. Ule wa omoni ulitoweka kabla nyuzi hazijaonekana. Huo unahitaji kujazwa jelikoti na kupigwa msasa, basi. Ule wa ubavuni uliendelea, mstari mweusi ukazama ndani ya mkeka wa nyuzi. Kwa huo alishauri kuondoa matabaka yaliyoharibika, kusaga kingo kwa mteremko wa takriban 12 kwa 1 (urefu mara 12 ya kina), kupaka resini, yaani gundi inayoshikanisha nyuzi, na nyuzi mpya, na kurekebisha namna kiambaza kinavyoegemea ganda, maana bila hivyo ufa utarudi palepale.

Upande wa vipimo vya unyevu sikuridhika. Ripoti iliviandika kwa asilimia, kana kwamba ni kiasi halisi cha maji ndani ya ganda, ilhali kifaa cha kupimia unyevu hufaa zaidi kulinganisha sehemu moja na nyingine ya boti ileile. Isitoshe, boti ilipimwa mara tu baada ya kutolewa majini, juu ya rangi yenye shaba inayopakwa sehemu ya boti inayokaa majini, ambayo huweza kupotosha usomaji. Nilipohoji, alikubali kupima upya baada ya kukauka na rangi kukwanguliwa. Picha nazo zilipigwa bila rula kando ya ufa, hivyo hazitanisaidia kujua baadaye kama ufa umerefuka.

Huduma hii ninaipendekeza kwa anayenunua boti iliyotumika, lakini akubaliane na mkaguzi mapema, kwa maandishi, kama uchongaji umo kwenye bei na ni nani atakayeziba sehemu zilizochongwa. Zangu ziliachwa na utepe tu, na boti isingeweza kurudi majini kabla fundi mwingine hajaziziba.