Kibodi ya laptopu au ya kuchomeka?

Kwa afya ya shingo na mikono, ya kuchomeka inashinda waziwazi. Kwenye laptopu, kioo na vitufe vimeungana: ukiinyanyua kioo kifike usawa wa macho, mikono inaning'inia hewani, ukiishusha, shingo inainama. Ukiwa na kibodi ya pembeni, laptopu unaipandisha juu ya vitabu, viwiko vinakaa kwenye nyuzi 90 hivi, vifundo vya mikono vinanyooka. Vile vimiguu vya nyuma ya kibodi vikunje, tafadhali. Vinapindisha vifundo kwenda juu.

Chai ikimwagika, ya pembeni unanunua nyingine. Ya laptopu ni mpaka kwa fundi. Ila ya pembeni ni gharama ya ziada, na safarini ni mzigo. Anayeandika barua mbili tatu akihamahama, ya laptopu inamtosha. Anayeshinda mezani kutwa, achomeke.