Wameivuta O ya mtori wangu

Naandika nikiwa bado na hasira, mnisamehe.

Nina kibanda cha mtori hapa Moshi, upande wa Majengo. Nilitaka kibao ambacho hata abiria wa daladala inayopita kasi atakisoma, nikachagua fonti ya Cooper Black. Wengi mnaijua hata kama jina hamlijui: nene, ya mviringo, na serifu zake, vile vijiguu vya mwisho wa herufi, hazina ncha hata moja, zimeumuka kama maandazi. Aliichora Oswald Cooper wa Chicago, ikatoka mwaka 1922, na tangu hapo kazi yake ni matangazo. Itazameni O yake. Tundu la katikati limeegemea nyuma kidogo, kama mtu aliyeshiba akakaa vizuri kwenye kiti. Na neno MTORI lina O katikati kabisa! Niliipenda hiyo O kuliko kibao chenyewe.

Nikapeleka kazi duka moja la stika mjini, nusu ya hela nikatoa papo hapo. Siku ya kuchukua nakuta bao lao ni refu kuliko mchoro wangu. Kijana kaona pembeni pamebaki peupe, kazishika herufi kazivuta mpaka zikajaa. Mguu wa T umenenepa kama gogo, kichwa chake kimebaki vilevile. O imelala, yai lililokanyagwa.

Nikamwonyesha. Macho hakuyatoa kwenye simu. Mimi ni wa umri wa mama yake, shikamoo sikuisikia.

"Mama, herufi ni herufi tu. Si inasomeka?"

Inasomeka, ndiyo. Hata mtori ulioongezwa maji unanyweka. Lakini mchoraji alipima unene wa kila mstari kwa jicho lake, wewe unauvuta kwa kipanya cha kompyuta sekunde mbili, halafu unaniambia inasomeka?

Niseme ukweli, stika yenyewe ni nzuri. Imepigwa mvua za masika na haijabanduka, na bei ni ya kawaida. Fonti nayo si ya kila kazi: niliiandikia orodha ya bei kwa herufi ndogo, matundu ya a na e yakaziba, wateja wakawa wananiuliza supu shilingi ngapi huku karatasi wameishika mkononi. Kwa kibao naipa tano kwa tano, kwenye menyu msiiguse.

Duka nilikuwa nimeshaliandikia tatu kwa tano. Nimefuta, sasa duka linapata moja kwa tano. Nimekumbuka kwamba niliomba wanikatie O peke yake upya, kwa hela yangu, na yule kijana akasema, "Labda siku nyingine," kisha akamgeukia baba mmoja aliyeingia nyuma yangu. Huyo alipewa shikamoo, na kiti akavutiwa.

Kibao kiko juu mlangoni. Kila asubuhi nikifika, kabla sijawasha moto, macho yanakwenda kwenye ile O.